TV gemu zenu hazijafa, zimeliwa na chumvi

Kwa Mhariri,

Kila Ramadhani ikikaribia, nyumba za Amu (Lamu) husafishwa kuanzia darini hadi dakani, na kila mwaka vinavyotolewa ni vile vile: redio za kaseti, pasi za makaa, na mfuko wa nailoni wenye mashine ya gemu iliyozongwa na waya zake. Mfuko huishia jaani au kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na anayeutoa hana neno ila moja: imekufa. Sisi mafundi wa redio na TV twaandika kulipinga neno hilo. Mashine nyingi za gemu zinazotupwa hapa mwambao hazijafa. Zimeliwa na chumvi kwenye meno, au zimeunguzwa na adapta isiyo yake, na yote mawili yana dawa ambayo vifaa vyake vyaenea ndani ya mkebe wa biskuti.

Barua ni ndefu. Ukilazimika kuikata, Mhariri, kata historia. Sehemu ya adapta iache.

Mashine tuliyozoea kuiita TV gemu asili yake ni Famicom, iliyotolewa na Nintendo nchini Japani tarehe 15 Julai 1983. Aliyeongoza kuiunda ni mhandisi Masayuki Uemura. Marekani na Ulaya ilivalishwa umbo jingine ikaitwa NES, na kufikia mwaka 2003, Nintendo walipoacha kuitengeneza, zilikuwa zimeuzwa karibu milioni 62. Nyingi zilizofika kwetu hazimo katika hesabu hiyo. Ni nakala za Taiwan na China, zilizovikwa kila gamba, hata gamba la PlayStation lenye mfuniko wa CD ambao ukiufunua wakuta tundu la kaseti. Ndani ya nakala hizo hukuti safu ya chipu kama katika Famicom yenyewe. Kuna tone moja jeusi la gundi ngumu, kama lami iliyodondoka, na ubongo wote uko chini yake. Tone hilo likifa, hapo kweli pana msiba. Ila hufa kwa nadra.

Na kaseti zake je? Ile iliyoandikwa "9999999 kwa 1" haikuwa na gemu milioni kumi, hilo kila mtoto aliligundua kabla ya adhuhuri. Ilikuwa na gemu chache zilizorudiwa kwa majina mengine, kila jina likianzia hatua tofauti. Lakini gemu zenyewe, za kweli, ni kazi ya ufundi ambayo hata leo yafaa kusomeshwa. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina kilobaiti 40 tu: 32 za programu na 8 za picha. Picha moja ya harusi iliyotumwa kwa simu huizidi mara kadhaa. Ili nafasi itoshe, watengenezaji walitumia mchoro mmoja kwa vitu viwili. Tazama vizuri wingu na kichaka: ni umbo lile lile, hili limepakwa rangi nyeupe, lile kijani.

Wengi wanakumbuka pia jinsi risasi na maadui wa gemu ya Contra walivyokuwa wakimeta na kupotea wanapojaa kwenye skrini. Wakati ule ilidhaniwa kaseti ni mbovu. Haikuwa mbovu. Chipu ya picha ya Famicom inaweza kushika vipande 64 vinavyotembea kwa wakati mmoja, na katika mstari mmoja wa skrini haichori zaidi ya vipande 8. Cha tisa hakionekani kabisa. Basi watunga programu walikuwa wakibadilisha zamu kila picha: mara hii kinaachwa hiki, mara ijayo kile, ili kila kimoja kionekane walau nusu ya wakati. Kumeta kule ni hila ya mtu aliyebanwa na vipimo akakataa kushindwa.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wanaocheza tena gemu hizi kwenye simu: mbona Mario amekuwa na haraka? Hana haraka. Gemu hizo zilitungwa kwa TV za Japani na Marekani, zinazochora picha 60 kwa sekunde. TV zetu ni za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na nakala zilizotengenezwa kwa nchi za PAL ziliuendesha mchezo kwa mpigo huo huo. Mtoto wa Langoni au wa Malindi alijifunza kuruka mashimo kwa kasi iliyopungua kwa takriban asilimia 17. Simu inapozirudisha zile 60, kidole kilichozoea 50 hutumbukia shimoni. Kwa rai yetu, ile ya 50 ndiyo gemu ya kwetu.

Sasa tuje kwenye chumvi.

Hewa ya kisiwani ina unyevu mwaka mzima na chumvi isiyokwisha, na wakati wa kusi hali huwa mbaya zaidi. Kaseti ya Famicom na nakala zake ina meno 60, thelathini kila upande. Ya NES ina 72. Meno ni shaba iliyopakwa dhahabu nyembamba, na kwenye kaseti za bei ya chini dhahabu hiyo ni ya jina tu. Chumvi ikikaa juu ya shaba yenye unyevu hutoa ukoko wa kijani, na ukoko huo haupitishi umeme sawasawa. Jino moja tu likikosa kugusana, gemu haiji.

Namna inavyokataa yakwambia penye kosa. Ndani ya kaseti mna kumbukumbu mbili, moja ya programu na moja ya picha. Skrini ikibaki rangi moja tu, kijivu, buluu au nyeusi, bila sauti, basi meno ya upande wa programu hayajashika. Gemu ikienda, sauti ikasikika, Mario akaruka, lakini picha zake ni herufi na vigae vilivyovurugika, basi programu ni nzima na meno ya picha ndiyo machafu. Ukiona mojawapo ya hayo mawili, shukuru: mashine iko hai.

Kupuliza kaseti ndiyo dawa iliyotumiwa na kila mtu, na ndiyo iliyoua kaseti nyingi. Pumzi ina maji. Kilichokuwa kikisaidia ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha, kwa kuwa kila ikiingia, meno hukwaruzana na ukoko hutoka kidogo. Pumzi yenyewe iliacha unyevu juu ya shaba, na katika mji wa chumvi hilo ni sawa na kumwagia mbolea. Itoe, irudishe, usipulize.

Kusafisha kwenyewe ni hivi. Tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 70 yafaa pia, ila karibu theluthi yake ni maji, kwa hiyo iache ikauke kwa muda mrefu zaidi. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda bila kusoma kibandiko, kwa sababu baadhi zina mafuta ya mbarika yanayoacha utando. Mafuta ya taa nayo huacha utando. Dawa ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha plastiki. Chovya kijiti cha pamba, sugua meno kwa kufuata urefu wake, kutoka ndani kwenda ukingoni, pande zote mbili, na ubadilishe kijiti kila kinapotoka cheusi. Kaseti iliyokaa kabatini miaka kumi hula vijiti vinne hadi sita. Acha dakika kumi kabla ya kuichomeka.

Kijani kikikataa, futa kwa raba nyeupe ya shuleni, polepole. Kikikataa tena, tone la siki nyeupe kwenye kijiti, sekunde thelathini, kisha osha kwa maji yale safi ya kuongezea betri ya gari (ya maji, si ya asidi), halafu malizia na spiriti. Siki ikiachwa pale hula shaba kuliko chumvi. Msasa usiuguse kabisa: huondoa dhahabu yote, na baada ya miezi miwili kutu hurudi ikiwa mbaya kuliko mwanzo.

Wengi husafisha kaseti wakasahau mdomo wa mashine, kisha wakashangaa kaseti safi inakataa. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, na ubao wa kaseti ni kama milimita 1.2. Ikate kadi ipungue upana kidogo kuliko mdomo, ivike kitambaa chembamba cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, uiingize na kuitoa mara kumi, adapta ikiwa imechomolewa. Kitambaa kitatoka na mistari myeusi na ya kijani. Rudia hadi kitoke safi. Ikiwa mdomo umelegea kwa uzee, kila jino laweza kuinuliwa kidogo sana kwa sindano, lakini hiyo ni kazi ya mkono mtulivu na mwangaza wa kutosha.

Wenye NES halisi wana tabu yao ya ziada. Mashine ile huingiza kaseti kwa mbele na kuisukuma chini, umbo lililoigwa kwa deki ya video, na mdomo wake hulegea upesi. Humo mna pia chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu mwenzake ndani ya kaseti. Wasiposikilizana, mashine hujizima na kujiwasha kama mara moja kwa sekunde, taa ikipepesa. Taa inayopepesa namna hiyo si adapta. Ni meno. Famicom na nakala zake hazina mlinzi huyo, ndiyo maana zilistahimili maisha ya kwetu vizuri zaidi. Na kaseti nyingi halisi za NES zina skrubu zisizokubali bisibisi ya kawaida. Hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Usizitoboe.

Adapta, Mhariri, ndiyo muuaji wa pili, na huua kwa dakika moja.

Nakala nyingi zataka volti 9 za mkondo mnyoofu (DC). Ndani yake mna kipande kidogo cha miguu mitatu kiitwacho 7805, ambacho hupokea volti hizo na kutoa 5, kwa sababu chipu zote hula 5. Adapta ya asili ikipotea, mtu huchukua ya ruta au ya dekoda kwa kuwa tundu limeingia. Kosa la kwanza hapo ni upande. Famicom na nakala zake nyingi zina hasi katikati ya plagi na chanya nje, na adapta za ruta karibu zote zina chanya katikati. Mashine isiyo na diodi ya ulinzi hupokea umeme kinyume, na 7805 hupasuka au kapasita, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, huvimba. Tazama mchoro wa duara ulioandikwa kwenye adapta na kwenye mashine. Isipokuwapo, pima kwa multimita kabla ya kuchomeka, si baada. Wenye Mega Drive ya Sega wawe waangalifu mara mbili: ya kwanza ina hasi katikati, ya pili ina chanya katikati, jina ni lile lile.

Kosa la pili ni volti nyingi. Hesabu ni rahisi. Chukulia mashine inakula ampea 0.3. Ukiipa volti 9, 7805 hutupa volti 4 zilizozidi kama joto, yaani wati 1.2. Ukiipa 12 za dekoda, hutupa 7, yaani wati 2.1. Kipande hicho kikiwa hakina bati la kupoza, joto lake hupanda kama nyuzi 65 kwa kila wati. Katika chumba cha nyuzi 30, wati 1.2 zakipeleka nyuzi 108, na huko chaishi. Wati 2.1 zakipeleka 166, na kimetengenezwa kijizime karibu na 150. Basi gemu huenda dakika kadhaa, skrini ikaganda, ukaiacha ipoe ikarudi, na mwenyewe akaapa kwamba ina jini. Haina jini. Ina adapta ya dekoda. Wa Pate na Faza wanaochezea kwa betri ya sola wajue kwamba betri ya volti 12 inapochajiwa hufika 14 na zaidi. Wafunge kwanza bodi ndogo ya kushusha volti, waiweke kwenye 9, ndipo wachomeke.

Jambo moja la kutuliza moyo: adapta nzito za zamani, zenye transfoma ndani, ukizipima bila mzigo huonyesha 12 au 13 ingawa zimeandikwa 9. Hiyo ni kawaida. Zikianza kulisha mashine hushuka. Nyepesi za kisasa huonyesha 9 kamili wakati wote.

Kama 7805 imekwisha kufa, pima mguu wa kuingilia na wa kutolea, waya hasi wa kipimo ukiwa kwenye mguu wa kati. Kuingia kuna 9 na kutoka hakuna kitu: badilisha, na safari hii kifungie kipande cha bati la alumini na mafuta ya kupitisha joto. Kutoka kuna 4.5 au chini, na gemu inajianzisha upya yenyewe: mara nyingi ni kapasita ya kuingilia iliyokauka. Weka ya maikrofaradi 1000, volti 16 au 25. Volti za kapasita zikizidi hakuna neno, zikipungua, italipuka. Kazi yote ni nukta tano za risasi, na vipande vyake ni vikubwa, vya kuonekana kwa jicho. Vyuo vyetu vya ufundi vinavyofundishia vijana kulehemu kwa bodi za simu, ambazo hata fundi wa miaka ishirini huzitazama kwa lenzi, vingeanza na hizi.

Mashine zinazoletwa na jamaa kutoka ng'ambo nazo hufa siku ya kwanza. PlayStation 2 nene ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Stima yetu ni 240. Plagi ikibadilishwa tu kwa kibadilishi cha dukani, umbo limebadilika lakini volti ni zile zile, na kinachosikika ni mlio mmoja. Yataka transfoma ya kushusha ya wati 100. PlayStation 2 nyembamba za mwanzo, zenye adapta nje, zina nafuu: nunua tu adapta yake ya volti 8.5 inayokubali 240, mashine yenyewe haijali.

Kuhusu TV. Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kulenga bata, haifanyi kazi kwenye TV bapa ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kwa kitambo kifupi mno, kisha pale alipo bata huchorwa mraba mweupe, na jicho lililomo ndani ya mtutu huangalia kama limeona mwanga wakati ule ule. TV ya kisogo huchora hapo hapo, mstari kwa mstari. TV bapa huipokea picha, huipanga, huionyesha ikiwa imechelewa, na mwanga wake si wa mpigo ambao bunduki imetengenezwa kuutambua. Hivyo mwenye bunduki na aitunze TV ya kisogo. Lakini asiifungue: mirija ile hubeba zaidi ya volti 20,000, na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Kilichotokea mwaka 2015, matangazo ya analogi yalipozimwa, hakiihusu TV gemu, ambayo ni kituo chake yenyewe. TV iliyotupwa kwa sababu haishiki tena stesheni bado hushika gemu.

Asiye na TV ya kisogo hutumia kibadilishi cha AV kwenda HDMI. Kitaonyesha picha, ila vile vya bei ya chini huikosea picha ya gemu za zamani, huichukua kama ya video, hivyo huvuruga mistari na kuongeza ucheleweshaji; utaona Mario anaruka baada ya kidole. Zima mapambo yote ya picha kwenye TV, weka hali ya gemu. Kwa PlayStation 2 ipo njia bora: kibadilishi kidogo kinachochomekwa nyuma, lakini kwanza ingia katika mpangilio wa mashine kwa waya wa kawaida, ubadilishe kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Usipobadilisha, rangi zitakuja za ajabu na utadhani umeuziwa kibovu.

Vijiti vipya vya HDMI vinavyouzwa vikiwa na gemu elfu kumi tumeviona. Ni programu ya kuigiza kwenye chipu dhaifu, pedi zisizo na waya zinachelewa, na sauti inakatika. Ni ile ile "9999999 kwa 1", isiyo na haya hata kidogo.

PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994 chini ya Ken Kutaragi na kuuza zaidi ya milioni 102, ina ugonjwa uliojulikana kila baraza: kuchezwa ikiwa imepinduliwa au imesimamishwa kwa ubavu. Sababu yake ni ya kimakanika. Katika matoleo ya mwanzo kipande kinachobeba lensi kilikuwa cha plastiki, kikiteleza juu ya plastiki, na kimewekwa jirani na pawa inayotoa joto. Plastiki ilipolika upande mmoja, lensi iliinama. Ukiipindua mashine, uzito uliirudisha. Kuipindua kulitibu dalili. Dawa ni kubadilisha kifaa kizima cha lensi, na matoleo ya baadaye yalihamisha lensi mbali na joto.

PlayStation 2, ya Machi 2000, imeuza zaidi ya milioni 155, na ndiyo iliyoshika mabaraza ya mpira kwa muda mrefu kuliko zote. Pro Evolution Soccer 2014 ilikuwa bado inatolewa kwa ajili yake. Ikikataa kusoma, usikimbilie kununua lensi. Ijaribu kwanza kwa CD, yaani gemu ya PlayStation ya kwanza au gemu ya PS2 yenye mgongo wa buluu, kisha kwa DVD. Ndani ya lensi mna miale miwili, mmoja wa CD na mmoja wa DVD. Ikisoma moja na kukataa nyingine, mwale mmoja umechoka: hapo lensi ni ya kubadilishwa. Ikikataa zote mbili, huenda ni uchafu tu. Futa lensi kwa kijiti chenye spiriti kidogo mno, bila kukandamiza, na utie grisi nyeupe kidogo kwenye reli. Ukinunua, soma namba iliyo kwenye lensi ya zamani, kama KHS-400C au PVR-802W, usinunue kwa kuangalia umbo. Na kwenye ile nyembamba, angalia utepe wa waya wa lensi: ukijikunja kwenda juu huchora duara kwenye kila sidii utakayotia. Ubandike chini kwa utepe wa karatasi wenye gundi.

Sidii zilizochomwa nyumbani hurudisha mwanga mdogo kuliko zile za kiwandani, kwa hiyo lensi iliyochoka huzikataa kwanza. Sidii hufutwa kutoka katikati kwenda nje, mnyoofu. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo hufuata njia ya data, ukaifuta mfululizo, na hesabu za kurekebisha makosa hazina pa kuanzia. Mkwaruzo unaokatiza njia hurukwa. CD ina data yake juu, chini tu ya karatasi ya jina, hivyo upande wa picha ndio dhaifu, kinyume na wanavyodhani wengi. DVD data yake iko katikati ya bapa mbili.

Pedi ya PS2 inayojibonyeza yenyewe haihitaji kutupwa. Ndani mna utepe wa plastiki wenye njia za kaboni, unaobanwa kwenye bodi na kisponji. Kisponji hulala kwa uzee, utepe ukaacha kugusana. Fungua, kunja utepe wa nailoni wa fundi stima mara tatu au nne, uweke badala ya kisponji, funga. Dakika kumi.

Baada ya yote hayo, itunze. Usiirudishe kwenye mfuko wa nailoni ule uliofungwa fundo, maana unyevu ulioingia nao haupati pa kutokea. Tumia kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, na gramu 50 hivi za zile shanga za kunyonya maji zinazokuja na viatu, kwa kisanduku cha lita 20. Kila baada ya miezi mitatu, zimimine kwenye bati, zioke kwa nyuzi 120 saa moja au mbili, zirudishe zikipoa. Vipakiti vya plastiki usivioke, vitayeyuka. Na mara moja kila miezi miwili iwashe mashine nusu saa. Joto lake lenyewe hufukuza unyevu.

Anayeipeleka kwa fundi, hapa Amu, Malindi au kwingineko, asipeleke mashine peke yake. Apeleke na adapta yake, hata kama imekatika, na pedi, na kaseti moja ambayo ana hakika ilikuwa ikicheza.

Mafundi wa redio na TV,
Langoni, Lamu